Ngurumo, Umeme na Radi

Utabiri wa hali ya hewa hutangaza mara kwa mara “mvua zitakazoambatana na ngurumo”. Kwa maoni yetu onyo hilo lina kasoro: hutaja sauti, likaacha kile chenye madhara.

Katika wingu zito la mvua, chembe za barafu hugongana na kujilimbikizia chaji za umeme. Chaji hizo ziachiliwapo, hewa zinamopita hupata joto la nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, ikatanuka ghafla. Mshindo wake ndio ngurumo. Mwanga twauona papo hapo, bali sauti huchukua sekunde 3 hivi kwa kila kilomita.

Wasemaji wa Kiswahili wameyatenga mambo haya zamani: umeme humulika, ngurumo husikika, radi hupiga. Hatujapata kusikia mtu aliyepigwa na ngurumo. Nalo neno “umeme” siku hizi lina kazi nyingine ya kuwasha taa, hivyo halifai kusimama peke yake katika onyo.

Twapendekeza basi wafasiri waandike “mvua za radi”, na walimu wafundishe maneno yote matatu pamoja. Mkulima akitajiwa radi hatajikinga chini ya mti, atakimbilia nyumbani.