Kumtafuta Marehemu Kwenye Karatasi

Anayeanza kuandika historia ya ukoo wake huulizia kwanza cheti cha kifo, na mara nyingi hicho ndicho asichokipata. Nchini Kenya usajili wa vifo ulianza mwaka 1904 kwa Wazungu, Wahindi wakafuata mwaka 1906, na haukuwa wa lazima nchi nzima mpaka 1971. Sheria ya Tanganyika ni ya mwaka 1920, lakini Waafrika wengi mno waliendelea kuzikwa bila karani yeyote kupata habari. Mjukuu anayepanga foleni RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, kutafuta cheti cha bibi aliyefia kijijini mwaka 1938 anapoteza nauli.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Wako watu wenye kipaji hiki: mwalimu mstaafu, katibu wa parokia, mzee wa msikiti, wakati mwingine kijana mmoja mkaidi aliyekataa kuambiwa "hayo yamepita". Hawaulizi cheti kiko wapi. Wanauliza ni nani aliyehitaji kujua kwamba mtu huyu kafa. Padri alihitaji, kwa kuwa sheria ya Kanisa Katoliki inaitaka parokia iwe na kitabu cha vifo. Kadhi alihitaji, kwani mirathi haigawanywi mwenyewe akiwa hai. Kule Unguja, Kamisheni ya Wakfu iliyoundwa mwaka 1905 ilihitaji, maana nyumba na mashamba yalikuwa na warithi wa manufaa. Hata jumbe aliyekusanya kodi alihitaji: maiti halipi. Kifo huacha alama palipokuwa na sala, fedha au ardhi ya kupita mkono mmoja kwenda mwingine, na mtafiti hodari hufuata haja hiyo mpaka kwenye daftari.

Pasipo na daftari la vifo, hutumia daftari la harusi. Hii ndiyo sehemu tamu ya kazi yenyewe. Tuseme kitabu cha ubatizo kinamtaja baba akiwa hai mwaka 1921, na kitabu cha ndoa cha 1929 kinamwandika bibi harusi kuwa "binti wa marehemu". Hakuna aliyeandika kifo, ila kifo kimekwisha kubanwa ndani ya miaka minane. Katika vyeti vya ndoa vya Kiislamu macho huenda kwenye jina la walii. Binti aliyeozeshwa na kaka yake au ami yake, pengine baba alikwishafariki. Pengine, kwa sababu baba anaweza kuwa safarini, au walii huyo alipewa uwakala. Mtafiti huandika "pengine" hiyo kwenye daftari lake kisha huendelea kutafuta. Halafu huja masimulizi. Mzee wa Ugogo akisema babu yake alikufa "wakati wa Mtunya", ametaja njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920. Hiyo si tarehe, lakini ni ukuta mwingine wa kumbania marehemu.

Makaburi ya pwani yana hesabu yake. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, liko kaburi lililochorwa mwaka wa Hijria 802. Vitabu vingi na vibao vya watalii husema 1399. Ukweli ni kwamba mwaka huo wa Hijria ulianza Septemba 1399 ukaisha Agosti 1400, kwa hiyo bila mwezi hakuna ajuaye kama aliyelala pale alifariki mwaka 1399 au 1400. Kosa hilohilo hurudiwa kwenye makaburi ya juzi tu. Mwezi ukiwepo shaka hupungua: jiwe lenye Safar 1337 linaangukia Novemba na mwanzo wa Desemba 1918, wakati homa kuu ya mafua ilipokuwa ikiua dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo. Mtafiti akiona mwezi huo hutazama mara moja makaburi ya jirani kama nayo ni ya mwezi uleule.

Na usiku pia unadanganya. Kwa hesabu ya pwani, siku huanza jua linapozama. Aliyekufa saa nne usiku baada ya Alhamisi amekufa usiku wa Ijumaa. Karani wa hospitali ameandika Alhamisi, jiwe la kaburi linasema Ijumaa, ukoo umegombana miaka ishirini, na wote wako sahihi.

Tarehe zinapopingana, asiyejua kazi huchagua moja na kuifuta nyingine. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa David Livingstone. Alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Jacob Wainwright, mmoja wa wenzake wa msafara aliyejua kusoma na kuandika, alichonga kwenye mti tarehe 4 Mei 1873. Kaburi la Westminster, London, linasema 1 Mei. Maneno ya mwisho ya shajara ya Livingstone mwenyewe ni ya tarehe 27 Aprili. Watu waliokuwa wakimuuguza mgonjwa porini na kujiandaa kubeba maiti yake mpaka pwani walikuwa na kazi kubwa kuliko kuhesabu siku. Mtafiti huandika tarehe zote mbili, akataja kila moja imetoka wapi.

Wako pia marehemu ambao waliohitaji kujua habari zao walijifanya hawajui. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walichukua wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja Afrika Mashariki. Huko Nairobi, Oscar Watkins aliongoza idara yao, na kila mpagazi alivishwa kibati chenye namba. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimikwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi kwa jumla tu. Hakuna jina hata moja. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mjukuu wa mpagazi hufuata fedha: malipo ya maelfu ya waliokufa hayakuwafikia warithi, na deni huacha makaratasi hata pale kaburi lilipoachwa liote nyasi.

Kwa vifo vya karibuni kazi ni nyepesi. Gazeti rasmi la Serikali ya Kenya, linalotoka tangu 1899, huchapisha matangazo ya mirathi yenye jina la marehemu, mahali alipofia na tarehe. Kurasa za tanzia za magazeti ya Nairobi ni hazina kubwa zaidi: tangazo moja humtaja marehemu kuwa mwana wa fulani, mume wa fulani, mkwe wa fulani, shemeji wa fulani, na kijiji atakakozikwa. Ukoo mzima umo ndani ya inchi chache za karatasi.

Aliye na kitabu cha zamani cha parokia au daftari la msikiti lililobaki nyumbani kwake, alirudishe, au angalau apige picha kila ukurasa pamoja na jalada. Anayekwenda mazikoni Jumamosi hii apitie makaburi ya zamani, anakili maandishi kama yalivyo pamoja na makosa yake, kisha aandike tarehe ya siku hiyo na jina la aliyemwonyesha. Na msiba wa sasa usajiliwe ndani ya siku 30 zilizowekwa na sheria ya Tanzania, kwa majina yote matatu ya marehemu, yakiandikwa kama yalivyo kwenye vyeti vyake vingine.