Kanga Isomwe Nzima: Jina, Mji na Pindo

Katika idara zetu za Kiswahili kanga ni mgeni asiyekosa kufika kila mwaka. Akitokea mwanafunzi asiyetaka kuchambua riwaya, mara nyingi huyo ataandika tasnifu yake juu ya majina ya kanga. Atazunguka sokoni na daftari, atakusanya majina sitini au mia, kisha atayapanga: haya ya mapenzi, haya ya ndoa, haya ya majirani, haya ya dini. Maudhui yatapata sura nzima. Fani itapewa kurasa mbili za sitiari, takriri na vina, na kazi imekwisha. Kitu kimoja tu huwa hakimo katika tasnifu hizo, nacho ni kanga yenyewe.

Makala haya yanakusudia kudai kwamba jina la kanga likishabanduliwa kwenye kitambaa chake haliwi tena matini ile ile, na kwamba hasara hiyo inaonekana wazi tukizitazama kanga za katikati ya karne ya 20 jinsi zilivyohifadhiwa huko ughaibuni. Nitajitahidi nisirudie mambo ambayo kila mmoja wetu anayajua. Inatosha kukumbusha kuwa kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina ambalo hukaa kwenye kisanduku chembamba karibu na pindo refu la chini. Majina yalianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Wengi humtaja mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo huo.

Sasa, hizo kanga za zamani ziko wapi? Kiwanda cha Vlisco kilianzishwa mwaka 1846 mjini Helmond, Uholanzi. Leo kinajulikana zaidi kwa vitenge vya wax vinavyopendwa Afrika Magharibi, lakini kwa miongo mingi kilichapa pia kanga za soko letu, na hifadhi yake imetunza michoro na sampuli za kazi hiyo. Uingereza nayo ilichapa, na India, na Japani. Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London lina kanga katika mkusanyo wake wa nguo, na mwaka 2013 lilifanya maonyesho ya nguo za mashariki na kusini mwa Afrika ambamo kanga zilikuwamo. Picha za vitu vingi vya jumba hilo zinaonekana kwenye intaneti, kwa hiyo hata sisi tusio na nauli ya London tunaweza kuzitazama, umeme ukiwepo.

Ukitazama kanga ya miaka ya 1950 au 1960, kitu cha kwanza kinachokukamata si maneno. Ni ujasiri wa mchoro. Rangi ni chache, mara nyingi mbili au tatu, kwa sababu kila rangi ilipaswa kuchapwa peke yake na kila moja ilikuwa gharama. Umaskini huo wa rangi ndio uliomfanya mchoraji awe na akili. Eneo tupu analitumia kama rangi nyingine. Nanasi, korosho, jogoo, saa ya mkono, ndege ya abiria, kila kimoja kimekuzwa mpaka kimekuwa alama inayosomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Na herufi zimechorwa kwa mkono, nene, pana, zikijaza kisanduku chake kama watu waliobanana kwenye benchi. Linganisha na kanga nyingi za siku hizi ambazo jina lake limebandikwa kwa herufi za kompyuta, zile zile za tangazo la duka la simu. Mimi kwa upande wangu naona tumeshuka, ingawa najua wapo watakaosema ni ulimbukeni wa vitu vya kale.

Kuna jambo la ajabu kidogo katika zile herufi. Mchoraji wa Helmond kwa kawaida hakujua Kiswahili. Maneno yalitumwa na wafanyabiashara wa pwani pamoja na oda, naye aliyachora kama alivyochora korosho. Ndiyo maana kanga hukosea: neno hukatwa katikati, maneno mawili huunganishwa, herufi hurukwa. Sisi wasomi wa lugha tukiona hivyo tunacheka na kusahihisha kwenye daftari. Lakini hebu tufikiri. Huyo mtu alikuwa wa kwanza kuliona jina la kanga kama umbo. Kwake fani na maudhui hazikuweza hata kuanza kugombana, maana maudhui hakuyajua! Na kazi yake ilivuka bahari, ikavaliwa, ikasomwa, ikaleta ugomvi uani.

Hapa nategemea kuulizwa swali, na ni swali la haki. Inajulikana kuwa picha ya kanga na jina lake mara nyingi havihusiani. Mji wa nanasi unaweza kubeba maneno ya hasidi. Mwaka unaofuata nanasi lile lile linarudi na sala. Wafanyabiashara walirudia michoro iliyouzika na kubadilisha majina tu. Kama ni hivyo, kuna haja gani ya kusoma nanasi?

Haja ipo, na iko papo hapo kwenye kutohusiana kwake. Mwaka 1997 Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya majina ya kanga na sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili, na moja ya mambo ya msingi aliyoyaonyesha ni kwamba kanga humwezesha mwanamke kusema bila kubeba lawama ya kusema. Mimi napenda niliongezee hoja hiyo kitambaa. Mwanamke anapita mbele ya mke mwenzake akiwa amevaa HASIDI HANA SABABU. Akiulizwa, "Mwenzangu, hiyo kanga unamsema nani?" atajibu nini? "Aa, dada, mimi nimeipendea rangi tu." Jibu hilo linawezekana kwa sababu rangi kweli ni nzuri. Linawezekana kwa sababu nanasi halina habari na hasidi. Kama mchoraji angechora jicho la husuda katikati ya mji, pasingekuwa na pa kukimbilia. Uzuri wa mji ndio utetezi wa jina. Ukiliandika jina peke yake kwenye tasnifu, chini ya kichwa "Kanga za Kusuta", umemnyang'anya yule mama utetezi wake na kumpeleka mahakamani.

Ndiyo maana ule mjadala wetu wa darasani wa fani na maudhui, kama ni kikombe na chai au ni pande mbili za sarafu, kwenye kanga hauendi mbali. Chai haikikani kikombe. Sarafu haina upande mmoja unaoficha upande wa pili usikamatwe. Kanga inafanya hivyo kila siku.

Niseme sasa kidogo juu ya kwetu, maana wanaoandika juu ya kanga huishia Zanzibar, Mombasa na Lamu kana kwamba treni haikuwahi kuondoka. Mimi ni mtu wa Runzewe, wilaya ya Bukombe, iliyokuwa mkoa wa Shinyanga na tangu mwaka 2012 iko mkoa wa Geita. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928; maduka yakafuata, na kanga ikaingia kwenye nyumba zilizokuwa zikizungumza Kisumbwa na Kisukuma. Mwanamke wa huku aliipokea nguo iliyoandikwa lugha asiyoizungumza nyumbani, kwa hati ambazo wengi wa rika lake hawakufundishwa. Aliisoma vipi? Aliisoma kwa mji. Bibi zetu wengi hawakumbuki jina la kanga waliyoolewa nayo, ila ukiwauliza watakuambia ilikuwa ya saa, au ya jogoo, au ya madoadoa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya kisomo yakafunguliwa vijijini, na hapo baadhi yao walianza kuyasoma maneno waliyokuwa wamejifunga kiunoni miaka kumi. Natamani mtu angeandika riwaya juu ya hilo tu.

Na maneno yanapofika mahali yanabadilika. Kuna jina maarufu sana, NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Pwani ni kanga ya mapenzi, basi. Runzewe, ambako vijana wanaondoka kwenda kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo na wengine hawarudi na kitu, na wengine hawarudi kabisa, dhahabu si sitiari peke yake. Mwanamke aliyeivaa gulioni anaweza kuwa anamsema mume, au anausema mwamba. Na tazama herufi zenyewe, zikiwa kubwa zote kama kanga inavyopenda: ukiondoa H moja kwenye DHAHABU, zinazobaki ni zile zile za ADHABU, zimepangwa upya tu. Sikio linapata kina. Jicho linapata kitu kingine, kwamba adhabu ilikuwa ndani ya dhahabu tangu mwanzo. Daftari la mhakiki, likiandika "dhahabu" na "adhabu" kwa herufi ndogo zilizolala, linalipoteza nusu.

Suala la pamba nalo haliwezi kurukwa, ingawa si la fasihi moja kwa moja. Kanda ya pamba ya magharibi, yaani Shinyanga, Mwanza na jirani zake, ndiyo inayotoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania. Zao hilo kwa sehemu kubwa lilisafirishwa likiwa ghafi, na nguo ikarudi kutoka ng'ambo imeshachapwa methali. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kwa muda kanga iliyochapwa nchini ikawa jambo la kawaida. Halafu ikaja ile miaka ya uhaba, mwishoni mwa 1970 na mwanzoni mwa 1980, ambapo doti moja ilitafutwa kama dawa na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuchagua jina. Uliyoipata ndiyo uliyoisema. Sijaona tasnifu hata moja inayouliza maana ya kanga inakuwaje pale mvaaji anapokuwa hakuichagua.

Nirudi kwenye hifadhi, kwa sababu sitaki ionekane kwamba nasifu tu. Hifadhi ya ughaibuni ina kasoro yake, nayo ni kwamba kanga imelazwa. Imenyooshwa kama karatasi, pindo zote nne zinaonekana, jina linasomeka kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakuna mtu aliyewahi kuisoma hivyo mtaani. Ikiwa mwilini, mji umekunjwa, pindo moja limemezwa na lingine, na jina limeangukia nyuma, mahali ambapo mvaaji mwenyewe halioni. Msomaji wake ni yule anayemfuata. Anasoma maneno mawili, mkunjo unayafunika, mama anapiga hatua, la tatu linatokea. Ni usomaji wa kuvizia. Kwa hiyo nikisema tusome kanga nzima sina maana ya kanga iliyotandazwa ukutani tu. Wenye hifadhi wametunza mji, sisi wenye tasnifu tumetunza jina, na mwendo haujatunzwa na mtu.

Iko pia alama ndogo ambayo mhakiki wa vitabu angeifurahia. Kwenye kanga nyingi za Kaderdina Hajee Essak, karibu na ukingo, yamechapwa maneno K.H.E. MALI YA ABDULLA pamoja na namba ya mchoro. Ni sawa na ukurasa wa haki miliki. Aliyetunga methali hatajwi, aliyechora hatajwi, mwanamke aliyeomba dukani aletewe maneno fulani hatajwi. Anayetajwa ni mwenye duka. Halafu nguo hiyo yenye kusema ni mali ya Abdulla inafungwa kifuani na mtu ambaye ameinunua ili aseme lake. Tunaojadili nani ni mtunzi wa fasihi simulizi tungeweza kukaa na alama hiyo muhula mzima.

Wakati huo huo kanga za miaka ya 1960 zilizobaki kwetu zinakwisha. Hazikwishi kwa wizi wala kwa moto. Zinakwisha kwa kazi: zimekuwa mbeleko, kisha nepi, kisha kata ya kuchukulia maji, kisha dekio. Sanduku la bati la bibi mmoja Runzewe lina nguo tatu za aina hiyo, mbili zimechanika pindo na moja imebaki mji bila jina, kwa sababu upande wa jina ulikatwa zamani ukashonewa foronya. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakayekwenda uwandani likizo ijayo na aandike jina, ndiyo, lakini apige pia picha ya kitambaa kizima, aombe kivaliwe, asimame nyuma. Aulize ilinunuliwa mwaka gani, duka la nani, na nani alikuwa akipita njiani siku ilipovaliwa mara ya kwanza. Na aulize kipande cha pili cha doti kiko wapi. Kanga huuzwa mbili mbili, na mara nyingi kimoja alipewa dada au shoga; maneno yale yale yalikuwa yakitembea katika nyumba mbili, na huenda huko kwingine upande wa jina haukukatwa.