Kumbukumbu Si Ghala Moja: Aina za Kumbukumbu ya Muda Mrefu na Uhifadhi wa Ushairi wa Kiswahili

1. Utangulizi

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa aghalabu na wale wanaoyaona maandishi kuwa ndiyo hifadhi pekee ya kuaminika, na kumbukumbu ya binadamu kuwa mfuko uliotoboka. Hata hivyo, methali yenyewe haikuhitaji daftari. Imedumu vinywani kwa sababu daftari na habari zinaitana kwa kina, na kwa sababu neno bila linarudi mara mbili mahali ambapo ulimi unalitarajia. Methali inayosifu daftari imehifadhiwa na kitu kisichokuwa daftari.

Makala haya yanakusudia kukichunguza kitu hicho. Hoja yetu ni kwamba uhakiki wa fasihi simulizi umekuwa ukilitumia neno kumbukumbu kana kwamba linarejelea ghala moja, ambalo ama limejaa ama limepungua. Utafiti wa saikolojia umekwisha kuonyesha kwamba kumbukumbu ya muda mrefu ina mifumo kadhaa, na kwamba mfumo mmoja waweza kuharibika na mwingine ukabaki mzima. Tukiukubali ukweli huu, itatubidi tuyatazame upya maswali mawili ya zamani: kwa nini shairi moja hupatikana katika matini zinazotofautiana, na ni nini hasa kinachopotea shairi linaporithiwa bila tukio lililolizaa. Mifano yetu mikuu ni mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na Utendi wa Mwana Kupona.

2. Aina za Kumbukumbu

Katika mwaka wa 1953, huko Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimpasua ubongo kijana aliyesumbuliwa na kifafa, akaondoa sehemu za ndani za pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana, lakini kijana huyo, aliyejulikana katika maandishi ya kitaaluma kwa herufi H.M. hadi kifo chake mwaka 2008, hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu ya jambo jipya lililompata. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo. Kwa muda wa siku tatu mkono wake ulizidi kuwa hodari, ilhali yeye mwenyewe hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo. Mkono ulijifunza na mwenye mkono hakuwa na habari.

Kisa hiki kilisaidia kuthibitisha tofauti baina ya kumbukumbu dhahiri, ambayo mtu huweza kuitamka, na kumbukumbu fiche, ambayo hujidhihirisha katika kutenda. Katika kumbukumbu fiche tunapata kumbukumbu ya utendaji: kuendesha baiskeli, kusuka ukili, kupiga ngoma kwa mwendo unaotakiwa. Kumbukumbu dhahiri nayo iligawanywa na Endel Tulving katika mwaka wa 1972. Ipo kumbukumbu ya matukio, ambayo kwayo mtu hulirudia jambo alilolipitia mwenyewe, mahali fulani na wakati fulani. Na ipo kumbukumbu ya maarifa, ambayo kwayo tunajua maana za maneno na hali za ulimwengu bila kukumbuka tulijifunza lini. Kila Mswahili anajua maana ya neno jahazi. Ni wachache mno wanaoikumbuka siku walipolisikia kwa mara ya kwanza. Tulving baadaye alimchunguza mgonjwa aliyeitwa K.C., aliyeumia kichwa katika ajali ya pikipiki mwaka 1981. Mtu huyu alijua mambo mengi kuhusu maisha yake, lakini hakuweza kulikumbuka hata tukio moja kama jambo alilolipitia yeye.

Jambo la mwisho linalotuhusu ni kwamba kukumbuka si kutoa kitu ghalani kama kilivyowekwa. Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha 1932, alionyesha jinsi wasomaji wa Kiingereza walivyokihadithia upya kisa cha wenyeji wa Marekani: yaliyokuwa mageni kwao waliyaacha au wakayageuza yafanane na waliyoyazoea. Kukumbuka, kwa mujibu wa Bartlett, ni kujenga upya.

3. Umbo la Shairi na Ulinzi Wake

Nadharia ya Bartlett ikichukuliwa peke yake, ingetubidi kutarajia kwamba shairi lililodumu vinywani kwa miaka hamsini limegeuka kabisa. Albert Lord alilithibitisha jambo linalokaribiana na hilo miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia. Waimbaji hao walidai kuurudia utenzi neno kwa neno, na kumbe kila uimbaji ulikuwa utungaji mpya. Baada ya kitabu cha Lord kutoka mwaka 1960, wapo waliotaka kuifanya hali hiyo kuwa kanuni ya fasihi simulizi yote. Ruth Finnegan, katika mwaka wa 1977, aliipinga kanuni hiyo kwa mifano kadhaa, ikiwemo ya Wasomali, ambao mshairi wao hutunga kwanza kisha shairi likahifadhiwa kwa maneno yake na kwa jina lake.

Ushairi wa Kiswahili unasimama upande wa Wasomali. Mshairi wa pwani hutunga kwa makini, mara nyingi kwa kalamu na hati za Kiarabu, na mghani hana ruhusa ya kuligeuza shairi la mwenziwe. Isitoshe, hadhira yake imelelewa katika chuo, ambamo mtoto huhifadhi Kurani kwa moyo na kosa la herufi moja hurekebishwa papo hapo. Jamii iliyozoea hifdhi ya namna hiyo haiwi na sikio la kustahimili ubadilishaji wa ovyo.

Lakini nia njema ya mghani haitoshi. Umbo pia humsaidia. David Rubin, katika utafiti wake wa 1995 kuhusu kumbukumbu katika mapokezi simulizi, alieleza kwamba maana, taswira na mlio wa maneno, kila kimoja peke yake, ni kizuizi hafifu. Vikikutana pamoja, nafasi ya kukosea huwa finyu sana. Tuchukue mfano wa kubuni. Mghani wa shairi la mizani kumi na sita amesahau neno lenye maana ya mwandani. Katikati ya kipande aweza kusema rafiki au sahibu, maana yote mawili yana mizani mitatu na shairi halitayumba. Lakini neno hilo likiwa mwishoni mwa kipande, na kina kikiwa ki, basi sahibu haliwezi kuingia. Kina kimelifunga mlango. Mghani hahitaji kulikumbuka neno kama tukio. Mwendo wa shairi, ambao mwili wake umeuzoea kama mkono wa H.M. ulivyoizoea nyota, humpelekea lile linalofaa.

Kutokana na hoja hii tunaweza kubashiri mahali ambapo matini zitatofautiana. Tofauti za maneno zitakuwa nyingi zaidi ndani ya vipande kuliko katika vina. Ama katika utenzi, vipande vitatu vya ubeti hufungwa na kina chao, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachorudi katika kila ubeti. Kwa hiyo ubeti hulindwa vizuri ndani yake, lakini hakuna chochote katika vina kinachouzuia ubeti mzima usidondoke au usihamishwe. Mpangilio wa beti hulindwa na mtiririko wa maana tu, yaani na kumbukumbu ya maarifa. Katika utenzi wa kisa, maana hiyo ina nguvu, kwa kuwa jemadari hawezi kufa kabla ya kwenda vitani. Katika utenzi wa mawaidha, nguvu hiyo ni ndogo. Ndiyo sababu haistaajabishi kwamba matini za Al-Inkishafi, ambayo ni tafakuri na si kisa, hutofautiana katika idadi na mpangilio wa beti zake. Kweli, wanakili wa miswada nao wana makosa yao. Lakini hata mnakili hubeba ubeti kichwani baina ya kuusoma na kuuandika, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuuhifadhi kwa moyo.

Hivyo, mhariri anayezitazama tofauti zote kuwa uharibifu, na kutafuta matini moja iliyo safi, anayachanganya mambo mawili. Neno lililobadilika mahali palipoachwa wazi na umbo si kosa la aina moja na ubeti uliohama. Kila tofauti ina chimbuko lake katika aina fulani ya kumbukumbu, na ni wajibu wa mhakiki kuitambua.

4. Tukio Linapopotea: Muyaka

Muyaka alifariki karibu mwaka 1840. W. E. Taylor alianza kuyakusanya mashairi yake katika miaka ya 1880, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. William Hichens aliyachapisha katika diwani ya 1940, na Mohamed Abdulaziz akayachapa upya na kuyachambua mwaka 1979. Kati ya kifo cha mshairi na kazi ya Taylor na Sikujua ilipita miongo minne hivi, ambamo mashairi haya yaliishi hasa vinywani na masikioni mwa watu wa Mombasa.

Mashairi mengi ya Muyaka ni ya tukio. Yalitungwa katika malumbano ya Mombasa ya Wamazrui dhidi ya Seyyid Said wa Oman na Zanzibar, aliyeutwaa mji mwaka 1837, na mengine yalizaliwa na magomvi ya mtaani, mapenzi na njaa. Waliosikia ubeti huo siku ile walijua nani anasemwa. Kwao, fumbo lilifunguliwa na kumbukumbu ya matukio. Watoto wao walirithi maneno, mizani na vina bila siku yenyewe. Hali ya shairi la namna hii inafanana na ya K.C.: maarifa yapo, tukio halipo.

Hapa ndipo umuhimu wa Sikujua unapoonekana. Yeye hakumpa Taylor maneno tu. Alimpa pia maelezo ya nani aliambiwa nini na kwa sababu gani. Wahakiki huyatumia maelezo hayo kama taarifa za pembeni. Kwa maoni yetu, yanastahili kuhesabiwa kuwa nusu ya pili ya shairi, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu haikuwa na kina wala mizani ya kuilinda. Lau Sikujua angalifariki miaka kumi kabla, huenda tungalikuwa na beti zile zile, lakini nyingi tungalizisoma kama methali: hekima ya jumla kuhusu vita, usaliti na subira, bila mtu wala mji.

5. Kutoka kwa Mama hadi kwa Binti

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unatuonyesha mwendo huo huo ukifanywa kwa makusudi. Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, anamuusia binti yake Mwana Hashima. Sehemu kubwa ya usia ni maarifa: wajibu wa mke kwa Mungu, kwa mume na kwa watu. Lakini kati ya mawaidha hayo mtunzi anaingiza maisha yake mwenyewe na marehemu mumewe, na jinsi mume huyo alivyoridhika naye hadi mauti yalipomfikia.

Wahakiki wengi wameushughulikia utendi huu kwa swali la utiifu wa mwanamke, na swali hilo ni halali. Lakini hawajauliza kwa nini mtunzi anahitaji kushuhudia. Amri haihitaji ushahidi. Anayeshuhudia ni yule anayejua kwamba amri peke yake haitoshi. Mwana Kupona ana kitu asichoweza kumrithisha binti yake, nacho ni kule kuyapitia mambo mwenyewe. Kumbukumbu ya matukio haihamishiki. Analoweza kufanya ni kuligeuza tukio liwe maarifa ya binti, kisha kuyafunga maarifa hayo katika vina ili yawe mazoea ya ulimi. Uchungu wa utendi huu umo katika ugeuzaji huo: kila anachofanikiwa kukihifadhi, kinakuwa si chake tena.

6. Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba tunazitumia kwa jamii nzima dhana zilizobuniwa kwa ubongo wa mtu mmoja. Pingamizi hili lina uzito. Jamii haina hipokampasi, na ulinganisho wetu wa shairi na mgonjwa ni ulinganisho tu. Hata hivyo, mapokezi simulizi hayaendi hewani. Kila hatua yake hupita katika kichwa cha mtu anayesikia na kusema. Udhaifu na nguvu za kichwa hicho, zikirudiwa kizazi hata kizazi, huacha alama katika matini. Tunachodai hakizidi hapo.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ushairi wa Kiswahili ulihifadhiwa na kumbukumbu za aina tatu: utendaji uliolinda umbo, maarifa yaliyolinda maana na mpangilio, na matukio yaliyolinda sababu. Ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayokufa na mwenyewe.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaofundisha. Katika mitaala yetu, utenzi hufunzwa kwa fasili: idadi ya vipande, jina la kila kina, sifa moja hadi sita. Mwanafunzi huweza kufaulu mtihani bila kuwahi kughani ubeti mmoja. Tumeichukua elimu iliyokaa ulimini na kuihamishia katika orodha, kisha tunalalamika kwamba vijana hawana sikio la mizani. Sikio halipatikani kwa fasili, kama vile hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kusomewa. Basi wanafunzi wetu na waghani kwanza, waziite fasili baadaye. Na wale walio karibu na wazee waliosalia wasiwaulize maneno ya shairi tu, bali pia lilisemwa siku gani, na nani, na aliyesemwa alijibu nini.