Panya wa Buluu na Hatia ya Baba: Fumbo la Case Histories Lilivyosukwa

Katika Case Histories, riwaya ya upelelezi iliyotolewa mwaka 2004 na mwandishi Mwingereza Kate Atkinson, fumbo la familia ya Land halilindwi kwa kuficha ushahidi, bali kwa kuamua ni mawazo ya nani msomaji ataruhusiwa kuyasikia, na lini. Riwaya nyingi za aina hii huchelewesha ushahidi mzito hadi kurasa za mwisho. Hii inautoa mapema, tena mbele ya macho ya kila mtu.

Kisa kinaanzia Cambridge, katika kiangazi cha joto kali cha mwaka 1970, ambapo Olivia mwenye umri wa miaka mitatu, mdogo wa mabinti wanne wa mwanahisabati Victor Land, analala hemani bustanini pamoja na dada yake Amelia, na kunapopambazuka hayupo, wala panya wake wa buluu wa kuchezea hayupo. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, Victor akiwa amefariki, Amelia na dada yake Julia wanamkuta panya huyo katika meza ya baba yao, nao wanampelekea shauri hilo mpelelezi wa kujitegemea, Jackson Brodie.

Kidokezo, yaani kitu kinachomwelekeza msomaji kwenye ufumbuzi, kwa kawaida huwa cha kweli au cha kupotosha, lakini panya huyu ni vyote viwili kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba Victor alijua yaliyompata Olivia. Si kweli kwamba ndiye aliyemuua. Msomaji anaruka kutoka hoja ya kwanza hadi ya pili bila kusukumwa, kwa sababu Atkinson ameshamjenga baba mkavu, aliyejifungia katika chumba chake cha kazi na asiyejua kuzungumza na watoto wake, kiasi kwamba tabia yenyewe inageuka kuwa chambo. Ustadi mkubwa zaidi ni kwamba chambo hicho si cha uongo: Victor alimnajisi Sylvia, binti yake mkubwa, na Sylvia ndiye aliyemuua Olivia, kisha baba akauficha mwili. Lawama inamstahili, ila si kwa kosa analodhaniwa.

Sylvia, ambaye sasa ni mtawa, anafichwaje basi ilhali yuko hai na anajulikana aliko? Jibu limo katika usimulizi huru, mbinu ambayo msimulizi wa nafsi ya tatu huazima sauti na mawazo ya mhusika bila kutangaza kwamba mhusika huyo anawaza. Uchungu wa Amelia na mzaha wa Julia vinasikika hivyo, wanapogombana juu ya mambo madogo huku wakiomboleza, na kelele hizo za kuchekesha zinaijaza nyumba hata msomaji haoni kwamba dada yao Sylvia anatazamwa kwa nje tu, utawa wake ukichukuliwa kuwa ucha Mungu na basi. Ni karibu na mwisho tu ambapo kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma katika wakati, kinaufungua usiku ule wa 1970 kwa upande wake.

Mpangilio wa visa pia unasaidia kumficha, kwani mikasa mitatu ya mwanzo, ukiwemo huu wa familia ya Land, inafuatana kwa miaka 1970, 1994 na 1979, na msomaji anayehangaika kuiunganisha anaacha kuitazama kwa makini nyumba ya Land. Hata hivyo sadfa zinazoiunganisha mikasa hiyo ni nyingi mno, na kumfanya Brodie naye awe na dada aliyeuawa ni mzigo ambao riwaya haikuuhitaji.

Hadithi hii ilipoingizwa katika tamthilia ya televisheni ya BBC mwaka 2011, ikihamishiwa Edinburgh, ilikabiliwa na ugumu ambao kitabu hakikuwa nao: kamera humtazama kila mhusika kwa nje, hivyo Sylvia akitazamwa kwa nje hatofautiani tena na dada zake.