Jembe Bila Shauri

Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake, Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu tufundishao Karagwe na Kyerwa tulilisoma chuoni, tukalijibia mtihani, kisha tukaliweka rafuni. Yafaa tulisome tena, tukilipima kwa mambo tuyaonayo kila siku katika shule zetu za sekondari.

Sifa yake kubwa ni kwamba halikumtaka mwanafunzi alime tu. Lilitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kuamua juu ya kazi yake na matumizi ya mapato yake, wakiongozwa na walimu. Tena lilitaka kijana awe na akili ya kuuliza na moyo wa kujiamini.

Je, sisi tumefanyaje? Jembe tumelishika, shauri tumeliacha. Mara nyingi mwanafunzi hupelekwa kwenye migomba ya shule kwa kuwa amechelewa au amekosa. Hajui ndizi zimeuzwa kiasi gani, wala hakuulizwa kinunuliwe nini. Huko Japani wanafunzi husafisha madarasa yao wenyewe, na kazi hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya malezi. Ufagio ni ule ule, bali kwetu wamfundisha mtoto kwamba kazi ni fedheha. Kisha twashangaa, amalizapo kidato cha nne, akikikimbia kibanja cha baba yake.

Walakini andiko lenyewe tusilisifu bila kulipima. Kwanza, liliwafikia walimu kama amri itokayo juu, na mtu haamriwi kujitegemea akajitegemea. Mwalimu asiyeulizwa hupata wapi desturi ya kuuliza? Pili, juu ya lugha lilisema kidogo mno. Wengi wa watoto wetu huongea Kinyambo nyumbani, na katika shule za serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Kisha waingiapo kidato cha kwanza masomo karibu yote huwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa mwepesi wa kuuliza hunyamaza kimya. Twamwita mpole, kumbe amefungwa kinywa. Atatoaje shauri asiye na maneno? Nasi tuandikao haya hatuna budi kukiri: tumepata kuwasifu watoto wa namna hiyo kwa utulivu wao.

Wako wazazi wasemao kwamba mtoto akiulizwa rai yake atakosa adabu. Twawajibu kwa mfano wa kibanja. Baba mwenye busara, akitaka mwanawe ajue kutunza migomba na kahawa, humwonyesha sehemu, humwacha apande, akosee, asahihishe, naye yu karibu akitazama. Hakuna amwitaye baba huyo mlegevu.

Basi twaomba jambo dogo. Muhula ujao kila shule iwape wanafunzi kitalu kimoja cha maharagwe. Wapange wenyewe, wauze wenyewe, wasome hesabu zao mbele ya wenzao, hata kwa Kiswahili. Wakipata hasara wasipigwe, bali waulizwe sababu. Hasara ya debe mbili za maharagwe twaweza kuivumilia. Kijana wa miaka kumi na minane arudiye nyumbani asiyeweza kuamua neno lolote, huyo ni hasara ya kijiji kizima.