Jino Hupimwa Rangi Likiwa na Mate

Katika tiba ya meno, hakuna hatua inayochukuliwa kijuujuu kama kupima rangi. Mgonjwa hukumbuka sindano na mlio wa mashine. Dakika chache za kulinganisha rangi huziona kama pambo. Nashikilia kwamba dakika hizo ni sehemu ya tiba yenyewe, na kwamba hapa Mwanza zinadai jicho lililofunzwa kuliko zinavyodai kifaa. Kipimo maarufu cha VITA, kilichotoka Ujerumani mwaka 1956, kina vijino 16 vya mfano katika makundi manne, A hadi D. Anayeanza kazi hukimbilia kuuliza kama jino ni la manjano au la kijivu. Aliyebobea hufinya macho na kutazama kwanza weupe na giza lake, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo watu huigundua mapema. Kisha hulisoma kwa sehemu: shingoni enameli ni nyembamba na umanjano wa dentini iliyo chini yake hujitokeza, nchani mwanga hupenya.

Yote hayo hufanywa kabla jino halijakauka. Mawe ya Mwanza hukoza rangi yakinyeshewa na hupauka yakianikwa juani, na jino ni vivyo hivyo: likikauka, hewa hushika nafasi ya maji ndani ya enameli, mwanga ukatawanyika, nalo likaonekana jeupe kuliko lilivyo. Huweza kuchukua saa nyingi kurudia hali yake. Ndiyo maana fundi mzuri hupima mapema, karibu na dirisha, kwa mwanga wa mchana na si wa jua linalotua ziwani, akiisha kufunika kitenge cha mgonjwa chenye rangi kali kwa kitambaa cha kijivu.

Wapo wasemao spektrofotomita, kifaa cha kupimia rangi, imemaliza kazi hii. Sifa zake ni za kweli: haichoki, wala haidanganywi na kitenge. Lakini nyingi husoma eneo dogo tu, na Kanda ya Ziwa ina meno yasiyo na rangi moja. Visima vingi vya Shinyanga vina floraidi nyingi. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake ya kudumu yakiwa bado yanaumbika huweza kubaki na madoa ya chaki au ya kahawia. Maji ya Ziwa Victoria yanayosukumwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga yanawakinga watoto wa leo, ila hayafuti doa la mtu mzima. Kwa mtu huyo hakuna kijino hata kimoja kati ya vile 16 kinachotosha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wengi hufika kliniki wamechelewa, jino likiwa la kung'olewa tu, na hivyo rangi ni anasa. Maumivu yatangulie, nakubali. Lakini likizibwa jino la mbele, kompositi ya rangi sahihi haigharimu zaidi ya ile isiyofanana, na mtu anayefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka hajapona sawasawa. Akitaka weupe mtupu, ni haki yake, mradi aonyeshwe kwanza jino moja jeupe litakavyokaa katikati ya wenzake wenye madoa. Akichagua kufanana, fundi wa maabara, ambaye huenda asimwone kamwe, atumiwe picha ya kijino cha mfano kando ya jino lenyewe, pamoja na mchoro ulioandikwa wazi: A3 shingoni, A2 katikati, doa la kahawia karibu na ncha.