Utubora Katika Nchi ya Dhahabu

Utubora Mkulima, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwake, chasimulia habari za mtu aliyeacha kazi ya mshahara akashika jembe. Jina lake lenyewe lasema kuwa utu ni bora. Lakini falsafa haina budi kupimwa katika maisha. Shinyanga na Geita wapo wengi waliokwenda kinyume chake: waliweka jembe chini wakaingia maduarani kutafuta dhahabu. Je, kitabu chawahukumu? Msomaji wa haraka atadhani hivyo. Mimi sikubali, maana njaa si tamaa, na aliyenyimwa mvua hafai kuhubiriwa kuridhika. Hapa mwandishi ana upungufu: shamba la kitabuni lina baraka kuliko mengi tuyajuayo. Hata hivyo, swali litokanalo na kitabu lina nguvu: kazi yangu yamtenda nini jirani? Mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga ili ishike chembe za dhahabu, kisha huichoma, pengine uani kwake. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Watoto huuvuta wakicheza. Hapo ndipo Utubora asomwe.